Ganuni na Kanuni

Wapenzi wa taarab hulitaja jina la ganuni kila mara, na ni wachache wanaosita kulipima. Ganuni na kanuni ni neno moja. Lilianza kwa Wayunani, waliolitumia kwa ufito ulionyooka wa kupimia, likaingia katika Kiarabu, na kutoka huko likatufikia sisi kwa milango miwili. Mahakamani na skuli likawa kanuni, yaani sheria na utaratibu. Ukumbini likawa ganuni, ile ala ya nyuzi inayolazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole vilivyovishwa pete. Wazee wetu waliyatenga kwa herufi moja tu, kana kwamba hawakutaka hakimu na mpiga ganuni waachane mbali.

Swali ninalotaka kulizungumza limo katika undugu huo. Sheria inayotawala sauti ya ala inafaa ikae wapi, na nani mwenye haki ya kuigusa? Msomaji asidhani kuwa hili ni zoezi la maneno. Siku hizi linaamuliwa katika vibanda vya Kariakoo, Dar es Salaam, kwa waya na kompyuta ya mkononi, na vijana ambao hawakuombwa na mtu yeyote kulijibu.

Tuanze na ganuni yenyewe. Ile tuliyoipokea kutoka Misri aghalabu huwa na nyuzi 78, zilizopangwa tatu tatu, kila tatu zikitoa sauti moja. Upande wa kushoto, karibu na vigingi, kuna vijipande vidogo vya chuma. Mpigaji akitaka kuhama kutoka maqamu moja kwenda nyingine, mkono wake wa kushoto hukimbia ukainua hiki na kulaza kile, uzi ukafupika au ukarefuka kwa kiasi kidogo mno, na sauti ikapanda au ikashuka kwa chini ya nusu toni. Kila aliyekaa safu ya mbele anaona. Mwanafunzi anaona, mshindani anaona, na akikosea, mpiga fidla aliye ubavuni mwake humtupia jicho. Udi hauna hata vijipande hivyo: shingo yake ni tupu, na mahali pa kubonyeza panajulikana na kidole na sikio. Katika ala hizi sheria iko nje, mchana kweupe, na hubishaniwa.

Inasimuliwa kuwa Sultan Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Pamoja na ala kilirudi kipimo cha masikio: kwamba baina ya sauti mbili zilizokaribiana ipo ya tatu, na hiyo ya tatu haina upungufu wowote. Ndugu wa Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoanzishwa 1905, walikirithi kipimo hicho na kukilinda kwa wivu.

Kisha kikaja kinanda cha umeme. Kwa macho ni ala kama nyingine: meno meusi na meupe, waya, spika. Lakini ukibonyeza jino lake hakuna uzi unaotikisika. Unachofanya ni kupeleka ombi. Ombi hilo hupokelewa na chipu moja ndogo, maikrokontrola, ambayo ni kompyuta kamili isiyozidi ukucha: ina ubongo, ina kumbukumbu, ina milango ya kuingizia na kutolea habari. Chipu haijui muziki. Inajua kufuata programu iliyoandikwa ndani yake, na programu hiyo ndiyo inayoamua kuwa ombi la jino hili lijibiwe kwa sauti ile. Wataalamu wa Kiswahili cha kompyuta huiita programu dhibiti. Jina lake la Kiingereza lilibuniwa na Ascher Opler mwaka 1967, nalo lataja kitu thabiti, kilicho kati ya kigumu na laini: si chuma, wala si karatasi unayoweza kuichana utakapo.

Hapo ndipo sheria ilipohamia. Ilitoka katika mkono wa kushoto wa mpigaji, mbele ya macho ya watu, ikaingia ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa kwa skrubu.

Na sheria yenyewe ilikuwaje? Mwaka 1983 makampuni ya Japani na Marekani yaliafikiana lugha moja ya kuunganisha vinanda, iitwayo MIDI. Katika lugha hiyo kila sauti ni namba, kuanzia 0 hadi 127. Do ya katikati ni 60, inayofuata ni 61, na baina yao hakuna kitu. Msomaji ayapime maneno hayo: hakuna kitu. Ile sauti ya tatu iliyosafiri kutoka Misri haikukatazwa wala haikutukanwa. Haikupewa namba, basi. Ipo njia ya kupinda sauti, nayo ina hatua 16,384, lakini upindaji huo huvuta sauti zote za mkondo mmoja kwa pamoja, hata ukitaka kuishusha sika unawashusha na majirani zake. Nyongeza ya kuwezesha kila sauti ipangwe peke yake ilikuja 1992, na vinanda vingi vya bei nafuu havikuishughulikia. Baadaye viwanda vilitoa vinanda vilivyokusudiwa soko la Uarabuni, vyenye uwezo wa robo toni, na vikundi vyenye fedha vikavinunua. Vingine viliendelea na kilichopatikana.

Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, ile ya East African Melody na ya TOT, ilijengwa juu ya vinanda. Sina nia ya kuufufua ugomvi wa kama ile ni taarab au si taarab. Aliyepata kuicheza harusini hadi alfajiri hawezi kuikana asubuhi. Wala singeli ya Tandale na Manzese, inayokwenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, haikuzaliwa kwa ruhusa ya ganuni. Vijana wale waliichukua sheria ya kompyuta kama walivyoikuta na kuifanyia ukatili wenye manufaa. Linalonishughulisha ni jingine. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1995 na kukulia karibu na spika za harusi amezisikia sauti kumi na mbili maelfu ya mara kabla hajaisikia ya kumi na tatu. Atakapoisikia, atasema mwimbaji amekosea. Na atakapomwambia hivyo bibi yake, bibi hatakuwa na pa kumpeleka kumwonyesha, kwa sababu sheria iliyomfunza mjukuu haionekani.

Mwaka 2023 nilitakiwa na kikundi kimoja cha muziki nitafsiri maelezo ya kisanduku walichokuwa wakitengenezewa Kariakoo. Mimi sikusoma umeme wala muziki darasani; Kiingereza chenyewe nilijifundisha kwa kamusi na redio. Lakini mfasiri ni mtu wa kutumwa. Nilipanda boti, nikashuka bandarini Dar es Salaam, nikakatisha Mnazi Mmoja kwa miguu.

Jina la Kariakoo peke yake lingetosha makala. Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, likatafunwa katika vinywa vyetu hadi likawa letu. Watu huijua Kariakoo kwa soko, na kwa lile jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Husahau kuwa ni mtaa wa muziki. Vyama vya taarab vya Al-Watan na Egyptian vilitumbuiza watu wa mitaa hii, na katika ukumbi wa DDC Kariakoo watu walicheza muziki wa Mlimani Park. Kibanda cha fundi wetu kilikuwa ndani kabisa, nyuma ya maduka ya simu ya mtaa wa Aggrey, pahali ambapo mtu mnene hupita kwa ubavu.

Walikuwapo mpiga kinanda wa kikundi, kijana, na mwimbaji wao, mama wa makamo yangu au zaidi kidogo. Kisanduku kilikuwa kikubwa kidogo kuliko kijaluba. Huunganishwa na kinanda cha zamani, kikapokea namba za MIDI, na kutoa sauti zake chenyewe. Ndani yake kuna ubao mdogo uitwao Raspberry Pi Pico, uliotoka 2021 kwa bei ya dola 4, na programu iliyoandikwa na watu wa mbali na kuachwa wazi ili atakaye aichukue na kuibadilisha. Walikuwa wamekitumia mwaka mzima. Sasa ilikuwepo programu mpya, na fundi alikuwa tayari kuiingiza.

"Ya zamani niitunze, au niifute?" aliuliza.

"Ifute tu," alisema mpiga kinanda. "Ile fidla yake inakwaruza."

"Usiifute," alisema yule mama. "Mimi nimeizoea kuimba nayo. Ikikwaruza ndipo najua niingie."

Fundi akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, kisha akainakili ya zamani kwenye kompyuta kabla ya kugusa chochote. Nitarudi kwa kitendo hicho, maana nadhani ndani yake limo jibu kubwa kuliko yote nitakayoyasema.

Kazi yenyewe ni fupi kuliko kuisimulia. Ubaoni kuna kitufe kimoja cheupe. Fundi alikishikilia kwa ukucha, akachomeka waya wa USB, akakiachia. Kompyuta ikakiona kisanduku kama vile ni flashi ya kuhifadhia picha. Akalichukua faili moja na kulinakili humo. Punde ile alama ya flashi ikatoweka katika kioo yenyewe, taa ndogo ikawaka, na kisanduku kikaamka. Asiyejua angesema hakuna kilichotokea.

Kilichotokea ni hiki. Kumbukumbu ya namna hiyo ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, na kutangazwa 1984. Haiandikwi juu ya maandishi. Lazima kwanza sehemu nzima ifutwe kwa mkupuo, ndipo iandikwe upya, na jina lake la flashi limetokana na huko kufuta, kwa kuwa mwenzake mmoja Masuoka alikufananisha na mmweko wa kamera. Vijana wa Kariakoo wanaposema wanaiflashi simu wanasema kweli kuliko wanavyojua. Zamani mambo yalikwenda polepole: chipu za miaka ya 1970 zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, zikifutwa kwa kuwekwa chini ya taa ya mwanga usioonekana kwa dakika kadhaa, na mafundi walikibandika karatasi kidirisha hicho ili jua lisije likawafutia kazi yao. Sasa ni sekunde. Lakini hata katika sekunde hizo upo wakati, baina ya kufuta na kuandika, ambao ala haina sheria yoyote. Umeme ukikatika hapo, kifaa chaweza kuwa kimekufa. Kisanduku kile kina bahati: sehemu ndogo ya programu yake, ile inayojua kupokea programu nyingine, ilichongwa ndani ya chipu kiwandani na haifutiki. Uharibu vyote, hiyo hubaki ikingoja.

Nilimwuliza fundi kama amepata kuua. "Mzee wangu, fundi ambaye hajaua hajafanya kazi," alinijibu, na kwa mguu akasogeza boksi lililojaa simu chini ya meza.

Tafsiri yangu ilikwama mahali pamoja. Waingereza wana neno la hali ya kifaa pale ambapo mtumiaji hakuchagua chochote. Neno hilo, katika asili yake, ni la ukosefu: hutumiwa kwa mtu aliyeshindwa kulipa deni au kufika mbele ya hakimu. Waliotangulia kutafsiri programu za kompyuta wameliita kwa Kiswahili chaguo-msingi, na mwanzoni niliona limelemewa. Sasa nasema limeishinda asili yake kwa ukweli. Hali ile ni chaguo. Yupo aliyechagua, nasi tumekuja baada yake. Katika faili la programu palikuwa na jedwali la namba kumi na mbili, moja kwa kila jino la oktavu, likieleza kila sauti isogezwe senti ngapi kutoka mahali pake, maana nusu toni hugawanywa kwa senti mia. Namba zote kumi na mbili zilikuwa sufuri. Sufuri hizo zilikuwa kauli: kwamba mpangilio wa piano ya Ulaya ndio nyumbani, na kila mwingine ni msafiri anayepimwa kwa umbali aliotangatanga.

Kwa Rasti inayoanzia Do, hushushwa Mi na Si, kila moja kiasi cha senti hamsini. Fundi alifuta sufuri mbili, akaandika namba mbili, akaiandaa programu upya, akashika tena kitufe cheupe. Haikuzidi dakika kumi. Mpiga kinanda alicheza Rasti kutoka chini hadi juu, na yule mama akacheka kama mtu aliyepigiwa hodi na jirani wa zamani.

Je, fundi alikuwa na haki ya kufanya alivyofanya? Mitaani lipo neno la kazi ya aina hiyo, na halina heshima: kuchakachua. Lilivuma mnamo 2010 kwa petroli iliyotiwa mafuta ya taa, likahamia kwenye modemu zilizofunguliwa ili zikubali laini ya mtandao mwingine, na leo hutumika kwa unga, kwa cheti, kwa kura. Neno hili linatia katika kapu moja mambo ambayo dhamiri inapaswa kuyatenga. Anayetia mafuta ya taa katika petroli anamficha mnunuzi kilichomo. Simu zilizozimwa nchini Juni 2016 kwa kuwa bandia nazo ziliuzwa kwa kufichwa. Wengi wa waliozinunua hawakujua kuwa ndani ya simu kuna namba ya utambulisho, sembuse kuwa yao ilikuwa ya uongo. Lakini anayeandika namba mbili mbele ya mwenye ala, kwa ombi la mwenye ala, na kumwonyesha alichokiandika, amemfunulia. Dhambi imo katika kuficha. Na tukikubali kipimo hicho tusikitumie kwa vijana wa vibandani peke yao. Kiwanda kinachouza sanduku lililofungwa, kisiseme sheria iliyomo ni ipi wala nani aliipitisha, nacho kina hesabu ya kutoa.

Wako watakaonijibu kuwa sanduku lililofungwa lina faida, na hoja yao si nyepesi. Mpigaji wa Unguja akialikwa Mombasa au Maskati na kuazima kinanda cha wenyeji, anataka kikubonyezwa kilie kama kile alichokiacha nyumbani. Kama kila fundi ataandika namba zake, kila harusi itaanza kwa saa nzima ya kusikilizana. Nakubali. Ila nakumbusha kuwa ganuni na fidla zimekuwa zikisikilizana kabla ya kila onyesho kwa zaidi ya karne, na wasikilizaji walikunywa kahawa wakingoja. Sheria ya pamoja ni jambo jema ikiwa yaweza kusomwa na wanaoishi chini yake.

Hili la kama kisanduku kilichobadilishwa programu bado ni kisanduku kile kile, nitalipita. Wayunani walilihangaikia kwa mfano wa jahazi la Theseus, lililobadilishwa mbao zote. Mafundi wa Nungwi hubadilisha mbao kila uchao, na sijasikia kuwa wamekosa usingizi kwa ajili hiyo.

Ninaloliona kubwa zaidi ni kile kitendo cha fundi cha kunakili kwanza. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963. Hakuridhika nayo, akaisahihisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ile ya kwanza haikupotea kwa kuzaliwa ya pili. Mwenye kutaka ataziweka mezani mbili pamoja na kuona mtafsiri alivyojihukumu mwenyewe. Kitabu kina ukarimu huo bila kujua. Programu dhibiti haina. Mpya hulala mahali pale pale pa ya zamani, na ya zamani haipo tena duniani ila kama kuna mtu aliyeinakili kabla. Kwa hiyo fundi anabeba deni ambalo sisi waandishi hatulibebi. Sisi tukifasiri vibaya, asili inabaki kutushitaki. Yeye akifuta, amemfuta na shahidi. Fidla inayokwaruza ilikuwa kasoro kwa mpiga kinanda, na wote wawili wangeweza kuthibitisha kwa kipimo kuwa mpya ni safi zaidi. Kwa yule mama ilikuwa alama ya kuingilia. Mwenye kibanda asingeweza kujua hilo kwa kuitazama programu. Alilijua kwa kuuliza, na kwa kuuliza mbele ya wote wawili.

Washairi tunapaswa kuyaelewa haya upesi kuliko wengine. Sheikh Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alichokifanya ni kuitoa nje kanuni iliyokuwa masikioni mwa watu na kuiandika iweze kusomwa. Mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho: hata asiyejua kutunga huweza kuzihesabu kwa vidole. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani ya kawaida, ugomvi uliozuka ulikuwa mkali, na baadhi ya yaliyosemwa na pande zote mbili ni afadhali yasahauliwe. Lakini aliyeipinga kanuni alijua anachokipinga, na aliyeitetea alijua anachokitetea, kwa kuwa ilikuwa mezani. Mimi hutunga kwa vina na nitakufa nikitunga kwa vina, na bado naushukuru ugomvi ule. Sasa na tufikirie ushairi ambao kalamu yenyewe inakataa kuandika mshororo wa mizani kumi na saba, na mwandishi hajui kuwa kalamu ndiyo iliyokataa. Anadhani wazo halikuja. Hiyo ndiyo hali ya kijana mbele ya kinanda kilichofungwa.

Haki ya kugusa ikishapatikana, linabaki gumu jingine: uandike namba gani? Nilisema senti hamsini kama vile ni jambo lililokwisha. Halijakwisha. Katika mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, mabingwa walishindana juu ya hili hili, kama ngazi ya Waarabu yaweza kugawanywa robo toni 24 zilizo sawa, na hawakuafikiana. Sika ya Waturuki hukaa juu kuliko ya Wamisri. Na ya Unguja? Zipo sahani za santuri alizoimba Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Sahani za zamani hazina mwendo wa kuaminika, kwa hiyo huwezi kujua kwa yakini aliimba juu kiasi gani. Lakini mwendo ukizidi au ukipungua huzivuta sauti zote kwa uwiano mmoja, hivyo umbali baina ya sauti na sauti hubaki kama ulivyokuwa. Mtu mwenye subira anaweza kuupima. Hiyo ingekuwa kazi njema kwa kijana wa chuo kuliko nyingi ninazozisikia.

Fundi hakuwa na sahani. Alikuwa na yule mama. Akaiweka simu mezani, yenye programu ya kupimia sauti, akamwomba aimbe mstari mmoja wenye sika. Akaimba. Akamwomba arudie, akarudia. Mara ya kwanza simu iliandika pungufu ya senti arobaini na kitu. Mara ya pili, wimbo ulipokuwa ukiteremka, ilikaribia sitini.

"Bibi, ipi sahihi?"

"Zote. Ukipanda ni ile, ukishuka ni hii."

"Kisanduku kinataka namba moja."

"Basi kisanduku ndicho kinachokosea, mwanangu."

Mpiga kinanda alitaka yamalizwe kwa hamsini, kwa kuwa boti ya alasiri ilikuwa inakaribia. Fundi alikuna kichwa, akafungua droo, akatoa kitufe cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti katika redio za zamani. Akatoboa ubavu wa kisanduku kwa chuma cha moto, akakipachika, akakiunganisha kwa nyaya tatu. Kisha akairudia programu: mahali palipokuwa na namba akaandika kwamba chipu isome mkao wa kitufe, kuanzia pungufu ya thelathini hadi pungufu ya sabini, na iuamini mkao huo. Mpiga kinanda akalalamika kuwa sasa mkono wake wa kushoto utakuwa na kazi ya ziada usiku kucha. Yule mama akamwambia aulize wapiga ganuni.

Boti ya alasiri tuliikosa. Kabla hatujaondoka, fundi alikigeuza kisanduku na kwa kalamu ya wino mzito akaandika chini yake jina la programu ya zamani, tarehe ya siku ile na namba ya simu ya kibanda. Nakala moja ya ile ya zamani alibaki nayo yeye, nyingine akaitia katika flashi na kumkabidhi mpiga kinanda. Yule mama aliichukua kutoka mkononi mwake, akaifunga katika pindo la kanga.